Kisu cha Pili cha Mukhisa

Bungoma,
19 Januari 2025

Kwa mume wangu Mukhisa, huko Tuwan, Kitale.

Mulembe. Natumai umeamka na nguvu, wewe na Jerono na watoto watatu. Mimi niko mzima isipokuwa goti la kushoto, na hata hilo goti limenyamaza tangu Jumanne, kwa sababu kinachoniuma sasa ni barua yako.

Nakujibu kwa kalamu. Simu haifai kwa maneno haya. Nikiongea kwa simu ya Vivian, mke wa babako mdogo, anaiwekea sauti kubwa mpaka ng'ombe anaacha kucheua ili asikilize. Jentrix anakuja huko Kitale kila wiki na ndizi zake, atakuletea. Bahasha nimeibandika kwa ugali, kwa hivyo ikifika imefunguliwa nitajua.

Sasa nisikilize. Nilisoma mara ya kwanza nikasema ni macho yangu. Nikavaa miwani, nikasoma tena, maneno yakabaki yale yale. Ati unataka daktari akukate usizae tena. Wewe! Mukhisa! Mjukuu uliyepewa jina la marehemu mzee wangu, ndio maana nakuita mume wangu mbele ya kanisa zima! Mzee amelala kaburini ametulia, wewe unataka kumpeleka kliniki wamfunge kama gunia?

Mwanaume wa Kibukusu anakutana na kisu mara moja. Mara moja tu. Ni Agosti, ni asubuhi ya tohara, amepakwa matope ya mtoni, watu wote wanamtazama usoni. Akisimama bila kupepesa jicho, yeye na kisu wameagana. Ukirudi kwa kisu mara ya pili watu watauliza: kwani ya kwanza ilikuwa na shida gani? Na mimi nilikuwa pale. Ulisimama kama nguzo ya stima. Nilipiga vigelegele mpaka nikakosa sauti wiki nzima, na majirani wakamshukuru Mungu.

Ni Jerono amekutuma? Simchukii. Kwa msichana wa kabila lingine, aliyetoka Kachibora, anapika mboga ya mrenda kushinda hawa wetu. Lakini Krismasi nilikuona. Ulidhani sioni. Ulikata firigisi ya kuku nusu ukampitishia chini ya meza. Firigisi! Ya mwenye nyumba! Mimi tangu nizaliwe sijaiweka mdomoni, hata kuku mwenyewe sijamla, maana kwetu mwanamke alikatazwa, na nimewachinja wangapi. Hawa wasichana wa siku hizi wanakula mpaka shingo, ni shauri yao. Mimi nililelewa nikaleleka. Siku hiyo nilinyamaza kwa sababu pasta alikuwa mezani. Sasa naona ilianzia hapo.

Watoto watatu ni nini? Mimi nilizaa tisa na bado nilikuwa napalilia mahindi kushinda babu yako.

Usiende. Nimesema.

Mke wako wa kwanza, ambaye hakuulizwa,
Kukhu Phelista


Tuwan, Kitale,
26 Januari 2025

Kukhu wangu,

Mulembe sana. Bahasha ilifika imefungwa kabisa, niliifungua kwa bisibisi. Hapa tuko salama. Nehemiah ameng'oka meno mawili ya mbele, Cherop ameanza shule, na huyu mdogo mwenye jina lako ana sauti yako. Nimempa Jentrix dawa ya goti. Ni ya kupaka, Kukhu, si ya kunywa.

Jerono hakunituma. Nilipomwambia alilia, akasema Kukhu atatulaani mpaka na paka.

Unasema mwanaume anakutana na kisu mara moja. Sawa. Jerono amekutana nacho mara tatu. Kuzaa Nehemiah, alipasuliwa. Cherop, alipasuliwa. Huyu mdogo, alipasuliwa, na damu ikakataa kusimama. Wewe uliambiwa tu kwamba mama na mtoto wako salama. Mimi nilikuwa kwa korido nimeshika viatu vyake, natazama manesi wakikimbia na chupa za damu. Daktari akaniambia kizazi kimechoka, mimba nyingine inaweza kuondoka naye.

Tumejaribu njia zingine. Vidonge, presha ikapanda. Sindano, akawa anatoka damu miezi na miezi mpaka akawa mweupe kama karatasi. Kuna koili, anaiogopa, na mwili ni wake. Kumfunga yeye mirija ni kumfungua tumbo tena mara ya nne. Mimi yangu ni kitundu kidogo na nusu saa, halafu naenda nyumbani.

Kukhu, mimi niliposimama kama nguzo ya stima nilipewa ng'ombe na mjomba. Nilichinjiwa jogoo. Niliimbiwa kijiji kizima. Jerono amesimama mara tatu, ni nani alimwimbia?

Nimepewa tarehe mwisho wa Februari. Naomba baraka yako.

Mjukuu wako na mume wako,
Mukhisa


Bungoma,
9 Februari 2025

Mukhisa,

Mulembe. Dawa ya goti ni nzuri, inanuka kama dipu ya kuogeshea ng'ombe lakini ni nzuri. Vivian anasalimia. Mvua bado.

Kuna jambo limetokea, na usiniulize limetokeaje.

Haya, nitakuambia. Jumatano kwa kikundi cha akina mama nilisimama nikaomba maombi. Sikutaja jina! Nilisema tu, "Muombeeni mjukuu wangu mmoja, fundi wa posho mill za kusaga unga, anaishi Kitale, amebeba jina la marehemu mzee wangu, anataka kurudi kwa kisu." Sasa kwa hayo mtu angejuaje ni wewe?

Kufikia Ijumaa ilikuwa imefika kwa kinyozi. Na kwa kinyozi alikuwepo nani? Wamalwa, rika lako, yule mliyetahiriwa naye asubuhi moja, wewe ukiwa wa pili na yeye wa tatu. Akasema mbele ya watu: "Mimi nilijua tu. Mukhisa alipepesa jicho siku ile. Ndio maana anarudishwa."

Mukhisa, damu ilinipanda kichwani. Nilitoka nyumbani na mwiko mkononi bila kujua nimeushika. Nikamkuta bado ananyolewa, upande mmoja umeisha. Nikamwambia, "Wamalwa, mimi nilisimama pale kwa miti ya kahawa nikawaona wote. Mjukuu wangu alikuwa nguzo. Wewe ndiye ulishikwa mabega na wajomba wawili!" Watu wakacheka, lakini yeye mdomo haukufungwa. Akaniuliza, "Sasa kama alikatwa vizuri, hiki kingine wanakata nini?"

Na mimi nikakosa jibu. Mimi! Phelista! Kukosa jibu kwa kinyozi!

Kwa hivyo niandikie kila kitu. Wanakata nini, wapi, kwa kifaa gani, na baadaye mwanaume anabaki na nini. Usinionee haya, nilikuosha ukiwa uchi kabla hujajua kuongea. Nataka kuwa na majibu kabla ya siku ya soko.

Si kwamba nimekubali. Nataka tu kumshinda Wamalwa.

Kukhu Phelista


Tuwan, Kitale,
16 Februari 2025

Kukhu,

Mulembe, na pole kwa mambo ya kinyozi. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu Wamalwa amenipigia simu kuuliza kama nitahitaji wajomba wa kunishika.

Majibu ni haya. Kile kilichokatwa Agosti hakiguswi kabisa. Daktari anadunga ganzi, anatoboa kitundu kwenye ngozi ya mfuko, anatafuta mirija miwili midogo inayopitisha mbegu, anaikata na kuifunga. Basi. Korodani zinabaki. Nguvu zinabaki, hamu inabaki, ndevu na sauti zinabaki. Hata maji yanatoka kama kawaida, isipokuwa hayana mbegu. Kwa lugha ya kazi yangu: mashine inanguruma, mkanda unazunguka, lakini unga hautoki.

Mambo matatu mtu asidanganyike. Haizuii magonjwa. Haianzi kufanya kazi siku hiyo, mbegu za zamani bado zimebaki njiani, kwa hivyo tunatumia mpira miezi mitatu mpaka kipimo kionyeshe hakuna kitu. Na mtu asiende akitegemea kufunguliwa baadaye.

Lakini Kukhu, haya yote ni ya kumjibu Wamalwa tu. Mimi sitaenda mwezi huu. Nimeahirisha. Huku nako wateja wameanza kuniangalia chini ya mshipi. Na wewe hujanibariki. Siwezi kulala kwa meza ya daktari nikijua wewe umekasirika. Tutaendelea na mpira kwa sasa.

Mjukuu wako,
Mukhisa


Bungoma,
2 Machi 2025

Mume wangu,

Mulembe! Uko aje? Mimi siku hizi natembea bila fimbo.

Nimemshinda. Siku ya soko nilimngoja Wamalwa pale kwa wauza samaki wa omena, palipojaa watu. Nikamwambia, "Uliuliza swali, njoo uchukue jibu." Nikawaambia wote: mirija miwili, ganzi, kitundu, nusu saa. Mwanamke mmoja akauliza mwanaume anabaki namna gani. Nikasema, "Mashine inanguruma, mkanda unazunguka, unga hautoki!" Soko lilivunjika, bana. Mzee mmoja alikaa chini kwa gunia lake la maharagwe akicheka akishika mbavu. Wamalwa aliondoka bila kununua omena.

Shida ni kwamba sasa wanakuja. Jana walikuja wanawake wanne, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ati amekuja kuazima ungo. Wananiuliza mambo ya sindano, ya vidonge, ya ile njiti ya mkono. Mimi si zahanati! Nikaenda kwa nesi wetu hapa, Mary Ann, nikamwambia anieleze yote, kwa sababu sitaki kuulizwa kitu nikose jibu tena. Tulikaa mpaka chai ikapoa. Msichana mzuri, lakini anaongea pole pole kama anayesoma tangazo la mazishi.

Usielewe vibaya. Kukutetea si kukuruhusu. Umefanya vizuri kuahirisha. Ahirisha mpaka nife, halafu ufanye unavyotaka.

Kukhu Phelista


Tuwan, Kitale,
27 Aprili 2025

Kukhu,

Mulembe. Nisamehe kwa kukaa kimya. Wewe na goti mnaendeleaje? Watoto ni wazima. Sisi wakubwa ndio tulikuwa wagonjwa bila ugonjwa.

Mpira ulipasuka. Halafu mwezi wa Jerono ukachelewa.

 Sikuambiwa, niligundua mwenyewe. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta amemsimamisha Cherop juu ya kigoda, anamfundisha kupika uji. Mtoto wa miaka sita, mwiko ni mkubwa kuliko mkono wake. Nikamuuliza, "Jerono, haraka ya nini?" Akasema bila kunitazama, "Ili abaki mtu anayejua kupika."

Kukhu, sikula siku hiyo wala iliyofuata. Nilikuwa nafungua mashine ya mtu nasahau nilikuwa nafunga au nafungua. Tukanunua kipimo kwa duka la dawa, kikasema hakuna. Tukakitilia shaka, tukanunua kingine. Halafu Jumapili, watu wakiwa kanisani, mwezi wake ukaja. Alikaa juu ya ndoo nyuma ya nyumba akicheka na kulia pamoja, na mimi nikakaa chini kwa matope kando yake.

Niliahirisha kwa sababu ya kicheko cha Wamalwa na hasira yako. Sikulaumu. Nakuambia tu ilivyokuwa.

Cherop anajua kupika uji sasa. Una mabonge.

Mukhisa


Bungoma,
30 Aprili 2025

Mukhisa,

Barua hii haingoji Jentrix, nimempa mtu wa nduthi, yule wa pikipiki anayekuja huko na vipuri.

Nilifika hapo pa uji nikashindwa kuendelea. Nikatoka nje nikawapa kuku mahindi ambayo walikuwa wamepewa tayari. Ndipo nikarudi nikamaliza.

Dada yangu mkubwa aliondoka akizaa wa nane. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu, wakala, wakaenda. Mimi ndiye niliyefua lile blanketi lake mtoni. Maji yalikataa kuwa meupe.

Nenda. Leo kama wanafungua. Nimeshamwambia na mzee. Nimeenda kaburini na jembe, nikapalilia kando kando, nikamwambia, "Jina lako linaenda kliniki, na wewe huko nyamaza." Hakusema kitu. Akiwa hai pia alikuwa hivyo, nikishaamua.

Baraka umepewa. Simama kama ulivyosimama.

Kukhu


Tuwan, Kitale,
11 Mei 2025

Kukhu mpendwa,

Mulembe. Kazi imefanyika. Niko nyumbani, nimeambiwa nipumzike, nisibebe motor ya mtu yeyote.

Nitakuambia kitu, lakini naomba barua hii uichome.

Nililala kwa meza vizuri. Nikafikiria nguzo ya stima. Nikafikiria Agosti, matope, vigelegele vyako. Kisha nesi Jepkorir akainua sindano ya ganzi, ndogo tu, Kukhu, kama ya kuchanjia kifaranga. Nilipofungua macho tena, manesi wawili walikuwa wananipepea kwa kadi yangu ya kliniki. Nilikuwa nimezirai. Hakuna aliyekuwa amenigusa!

Daktari Ndirangu akasoma jina langu kwa kadi, akaniangalia, akasema, "Na wewe ni Mbukusu?"

Jerono alikuwa nje. Aliposikia alicheka mpaka akajishika tumbo pale penye mishono yake. Sijamsikia akicheka hivyo tangu huyu mdogo azaliwe. Kwa hicho kicheko peke yake ningezirai tena.

Baada ya hapo sikusikia maumivu, ni kama kuvutwa kamba tu. Nilitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyebeba mayai. Jirani muuza maziwa anatupa barafu. Sasa tunangoja Agosti tupime.

Mjukuu wako,
Mukhisa


Bungoma,
18 Mei 2025

Kwa nguzo ya stima iliyoanguka,

Mulembe, na pole, na aibu.

Nilikutetea kwa kinyozi! Nilikutetea kwa omena! Kumbe ulikuwa unangoja sindano ya kifaranga ikuangushe! Barua yako nimeichoma. Hapana, sijaichoma. Iko chini ya godoro. Siku utakayonikosea heshima nitampelekea Wamalwa.

Halafu sikia, na usikie vizuri, mambo haya nimethibitisha kwa Mary Ann. Bado hujamaliza. Usianze kutembea kifua mbele ukidhani mambo ni salama. Mbegu za zamani ziko njiani kama wageni wa harusi ambao hawaelewi chakula kimeisha. Mpira kila mara mpaka daktari aseme hakuna. Ukimletea Jerono hofu nyingine kwa uvivu wa kuvaa mpira, nitakuja Kitale na goti langu hili.

Na nikuambie siri moja. Juzi Wamalwa alikuja kwangu. Alipitia nyuma ya choo, kofia imeshuka mpaka machoni. Akakohoa. Akauliza habari ya mvua. Akauliza habari ya ng'ombe. Mwishowe akasema, "Kukhu, ile mashine, kweli inanguruma?" Ana watoto saba na mke wake amechoka. Nikamwambia nitamjibu akirudi kwa kinyozi na kusema mbele ya watu nani hakupepesa jicho. Amesema atafikiria.

Kukhu Phelista


Tuwan, Kitale,
17 Agosti 2025

Kukhu,

Mulembe. Wote wazima.

Majibu yametoka. Hakuna hata mbegu moja. Daktari Ndirangu alinipa mkono.

Nilipomwambia Jerono alikuwa anapepeta mahindi. Hakuacha kupepeta. Alisema tu, "Sasa Cherop arudi kucheza."

Mukhisa


Bungoma,
20 Agosti 2025

Kwa mke mwenzangu Jerono, huko Tuwan.

Chamgei, mama. Nimeuliza watu huku mnasalimianaje kwenu Kachibora, kama nimekosea utanisamehe. Unaamkaje? Damu imerudi mwilini? Presha imeshuka? Mukhisa mwambie leo simwandikii yeye.

Nakuja Jumamosi. Wamalwa ananileta na gari la shemeji yake. Kwa kinyozi alisema, kwa sauti ndogo lakini alisema, na sasa anataka kuonana na huyo Ndirangu. Nimemwambia atangulie kula, asije akazirai.

Nakuja na jogoo. Ni yule mwekundu anayewafukuza wageni, nimemlisha mwenyewe tangu Mei. Mukhisa asijidanganye, si wake. Wake alikula zamani, na ng'ombe akapewa. Huyu ni wako. Umesimama mbele ya kisu mara tatu na mimi nikatuma salamu tu. Sasa nitaimba. Sauti imebaki kidogo na majirani zako watavumilia.

Nitachinja mimi, utapika wewe, kwa sababu huku kwetu Vivian huweka nyanya nyingi. Firigisi ni yako. Nzima, si nusu, na si chini ya meza. Utaiweka juu ya sahani mbele ya kila mtu, na mimi nitakaa hapo kando nikuangalie mpaka umeze.

Halafu mimi mnitolee paja. Nimepika kuku maisha yangu yote nikinusa tu mvuke. Nataka kujua hawa wanaume walikuwa wanatuficha nini.

Chumvi usiogope.

Mke mwenzako,
Phelista